Wayunani wa Kale na Majina ya Mapenzi

Wapenzi wasikilizaji,

Mtu akipita Kinondoni au Temeke siku ya Jumamosi jioni, haendi mbali kabla hajasikia ngoma ya arusi au sauti ya msemaji katika kipaza sauti. Na pale ambapo bibi arusi anafundwa, au wachumba wanapewa mawaidha kanisani, mara nyingi husimama mtu akasema kwamba Wayunani wa kale walikuwa na majina manne ya mapenzi. La kwanza ni eros, yaani tamaa ya mwili. La pili ni storge, mapenzi ya watu wa nyumba moja. La tatu ni philia, urafiki. Na la nne ni agape, upendo wa kimungu usiodai malipo. Kisha huwaasa wachumba waliache la kwanza na kulishika la nne. Watu hupiga makofi, na wengine huandika katika daftari zao.

Mafundisho hayo yana wema ndani yake, wala sina nia ya kumvunjia mtu heshima. Lakini yamesemwa kwa jina la Wayunani, na Wayunani waliacha vitabu. Basi leo na tuvifungue, tuone kama ndivyo walivyosema wenyewe.

Wayunani ndio hao tuwaitao siku hizi Wagiriki. Watu wengi wa Tanga na Morogoro wanalijua jina hilo kwa ajili ya Wagiriki waliokuwa na mashamba ya mkonge. Lakini kujuana kwetu nao ni kwa zamani zaidi. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanya biashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kiyunani habari za safari za bahari hii yetu, na mji wa mwisho alioutaja katika pwani hii aliuita Rhapta, kwa sababu ya majahazi yake yaliyoshonwa kwa kamba. Wenye kuwakumbuka mitepe watafahamu.

Sasa tuje kwenye mapenzi. Katika hadithi zao za miungu, Eros hakuwa kitoto chenye mbawa na upinde, kama anavyochorwa katika kadi. Hesiod, mshairi aliyeishi yapata miaka 700 kabla ya Kristo, anamweka miongoni mwa wa kwanza kabisa kuwako, pamoja na Ardhi, kabla hajazaliwa mungu mwingine ye yote mwenye jina kubwa. Asingekuwako Eros, vitu visingekutana wala kuzaana. Ndiye alegezaye viungo na kushinda akili, za miungu na za wanadamu sawasawa. Wayunani walimwogopa kama mvuvi aiogopavyo kusi: haimchukii mtu, walakini yaweza kumzamisha.

Ndiyo maana hawakumpa Eros kazi ya kuwaoza watu. Katika mji wa Athens baba ndiye aliyemtoa binti yake, kwa maneno yaliyojulikana mbele ya mashahidi, ili mume apate watoto wa halali. Na mali iliyoandamana na arusi ilitoka kwa baba wa binti, si kwa mume, kinyume cha mahari yetu. Kama mume na mke watapendana, hilo lingekuja baadaye, likija.

Na mara nyingine lilikuja. Wayunani walisimulia habari za Admetus, mfalme wa Pherae. Siku ya kufa kwake ilipokaribia, mungu Apollo, aliyewahi kumchungia ng'ombe, alimwombea ruhusa ya ajabu: hatakufa, akipatikana mtu wa kufa mahali pake. Admetus akamwendea baba yake, aliyekuwa mzee sana, akakataa. Akamwendea mama yake, naye akakataa. Mkewe, Alcestis, ndiye aliyekubali. Aliwaaga watoto wake, akafa, akazikwa. Ikawa Heracles, yule mwenye nguvu, anapita safarini, akakaribishwa nyumbani mle bila kuambiwa msiba ni wa nani. Alipopata habari alikwenda kaburini, akapigana mieleka na Mauti yenyewe, akamrudisha yule mama akiwa amefunikwa uso, na kwa siku tatu asiweze kusema neno. Euripides aliifanya hadithi hii kuwa mchezo, ukaonyeshwa Athens mwaka 438 kabla ya Kristo. Mimi nimewasomea wanafunzi habari hii mara nyingi, na kila mara wao hawaulizi juu ya Mauti; huuliza ni mume gani huyu aliyekubali.

Mchezo ule uliwashughulisha Wayunani pia. Kwa maana mapenzi ya mke huyu yaitwe kwa jina gani? Alikufa kwa ajili ya mwenziwe, bila kudai malipo. Kwa kanuni ya daftari za arusini, tungetazamia jina la nne. Lakini Plato, katika kitabu chake cha Karamu, anamleta msemaji anayemtaja Alcestis kuwa ushahidi wa kazi ya eros. Eros ndiye aliyemtia ushujaa hata wazazi wa damu wakaonekana kuwa wageni kwa mtoto wao.

Karamu hiyo yastahili kuelezwa, maana hakuna andiko la Kiyunani lililozama zaidi katika jambo hili. Plato anatupeleka katika nyumba ya Agathon, mtunga michezo, mwaka 416 kabla ya Kristo, baada ya Agathon kupata ushindi wake wa kwanza. Wageni walikuwa wamekunywa mno jana yake, na vichwa bado viliwauma. Wakapatana wanywe kwa kiasi, wamwondoe mpiga zumari, na kila mtu kwa zamu yake amsifu Eros. Ni lazima kusema wazi kwamba sehemu kubwa ya maneno yao ilihusu mapenzi ya wanaume kwa vijana wa kiume, desturi iliyokuwako kwa watu wakubwa wa mji ule. Mwalimu hana haja ya kuificha wala kuipamba. Ndivyo kitabu kilivyo.

Msemaji mmoja, Pausanias, alisema Eros ni wawili, mmoja wa mbinguni na mmoja wa watu wa hivi hivi tu. Tazameni: kugawanya mapenzi ya juu na ya chini, Wayunani walikugawanya, lakini ndani ya jina moja lile lile. Kisha ikafika zamu ya Aristophanes, mtunga vichekesho, naye akashikwa na kwikwi, hata tabibu aliyeketi karibu naye ikambidi aseme kwanza. Kwikwi zilipokwisha alitoa hadithi yake. Hapo mwanzo, alisema, wanadamu walikuwa mviringo kama mpira, mikono minne, miguu minne, nyuso mbili, wakaenda kwa kubingirika. Wakajivuna, wakataka kupanda mbinguni. Zeus akawapasua katikati, kama mtu akatavyo yai kwa unywele, na Apollo akaikusanya ngozi na kuifunga tumboni kama mdomo wa mfuko wa fedha, ndicho kitovu. Tangu hapo kila nusu inatafuta nusu yake. Watu walicheka, nasi twacheka. Lakini anayesema leo kwamba amempata ubavu wake, ijapokuwa neno hilo latoka katika Maandiko, anasema jambo lililo jirani sana na la Aristophanes.

Socrates alikuwa wa mwisho katika zamu, naye alisema kwamba aliyajua mambo haya kwa kufundishwa na mwanamke, Diotima wa Mantinea. Wengine wanadhani Plato alimbuni mwanamke huyo. Iwe alikuwako au hakuwako, ni jambo la kuangalia kwamba katika chumba cha wanaume watupu, neno lenye uzito kupita yote limewekwa katika kinywa cha mwalimu wa kike. Watu wa Uzaramo, ambao kwao mambo ya unyumba hufundishwa na makungwi, hawatashangaa.

Diotima alisema Eros si mungu wala si mzuri. Siku ya kuzaliwa Aphrodite miungu walifanya karamu, na Poros, maana yake Mwenye Njia, yule asiyekosa namna ya kupata kitu, alilewa akalala katika bustani ya Zeus. Penia, yaani Ufukara, alikuja mlangoni kuomba makombo, kama maskini wafanyavyo penye sherehe. Akamwona Poros amelala, akaona hii ndiyo bahati yake, akalala naye, akachukua mimba ya Eros. Basi mtoto amewafuata wazazi wote wawili. Kwa mama ni maskini daima, hana viatu, hana nyumba, hulala vizingitini na njiani. Kwa baba ni mwindaji hodari, mwenye hila, asiyechoka kutafuta. Akipata leo, kesho kimemponyoka. Kwa hiyo apendaye ndiye aliyepungukiwa. Asiyepungukiwa na kitu hana la kupenda.

Halafu akaeleza ngazi. Mtu huanza kwa kuvutwa na uzuri wa mwili mmoja. Akikua katika jambo hili huona kwamba uzuri wa mwili huu ni ndugu wa uzuri wa miili mingine. Kisha huona kuwa uzuri wa roho hupita wa mwili, hata akampenda mwenye roho njema asiye na sura. Hapo hufika kwenye uzuri wa desturi njema na sheria, kisha wa elimu, na mwisho hufika kwenye Uzuri wenyewe, usiozaliwa wala kufa. Toka kipago cha chini hata cha juu, jina la nguvu impandishayo mtu ni moja tu, nalo ni eros. Aliyemwambia bibi arusi kwamba eros ni ya kuachwa chini, Plato angemwuliza basi atapanda kwa nini.

Aristotle, aliyezaliwa mwaka 384 na kusoma kwa Plato miaka 20, hakupenda kuruka juu namna hiyo. Yeye aliandika juu ya philia. Tukisema philia ni urafiki tumelipunguza neno, kwa maana ndani yake alitia mapenzi ya mama kwa mwana, ya mume na mke, ya wenzi wa chombo kimoja baharini, na ya raia kwa raia. Alisema watu hushikamana kwa faida, au kwa furaha, au kwa wema. Na mashikamano ya namna ya tatu ni haba, tena huhitaji muda, akitaja mithali ya kwao kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Kwetu aliyekula chumvi nyingi ni aliyeishi sana, nadhani Aristotle angeipokea vizuri maana hiyo. Jambo moja hakulipata, nalo ni utani. Watu wa pwani na wa bara waliokutana katika misafara, wakatukanana bila kosa, kisha wakazikana, wamo katika philia ya namna gani kati ya zile tatu? Nawaachia wanafunzi.

Sasa agape. Wayahudi wa Alexandria, kule Misri, walianza katika karne ya tatu kabla ya Kristo kuyafasiri Maandiko yao kwa Kiyunani, na neno hilo walilitumia sana. Walilitumia kwa upendo wa Mungu. Lakini fungueni kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 13, habari ya Amnoni aliyemtamani Tamari, umbu lake, akamtenda jeuri kisha akamchukia. Mapenzi yale ya Amnoni, katika tafsiri ya Kiyunani, yameitwa agape. Na katika Agano Jipya, Dema aliyemwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu, kupenda kwake ni kwa kitenzi cha agape. Kwa upande wa pili, Injili ya Yohana husema Baba ampenda Mwana, mara kwa kitenzi cha agape, mara kwa kitenzi cha philia. Storge halisimami peke yake katika Agano Jipya. Vipande vyake tu vimo ndani ya maneno mengine. Na eros halimo kabisa. Paulo alipoandika sura ile kuu kwa Wakorintho alilijaza neno agape maana ya juu sana, hilo ni kweli. Lakini aliyelijaza ni yeye. Halikuja kwake limejaa.

Orodha ya majina manne imetoka wapi basi? Ni ya jana tu. Askofu wa Kiswidi, Anders Nygren, aliandika katika miaka ya 1930 kitabu kikubwa cha kuzitenga eros na agape kama njia mbili zisizokutana. Mwaka 1960 mwandishi wa Kiingereza, C. S. Lewis, akatoa kitabu juu ya mapenzi manne, kikasomwa pande zote za dunia. Lewis hakuzidharau tatu za kwanza. Waliomfupisha ndio waliozidharau.

Haya si mabishano ya wasomi tu. Mwaka mmoja mwanafunzi wetu wa ualimu, binti wa mwaka wa mwisho, alinijia na daftari la semina ya ndoa. Aliambiwa aupime moyo wake kwa yale majina manne, naye akaupima kwa haki, kama alivyozoea kusahihisha hesabu. Alikuwa na mchumba aliyemwendea kwa adabu, wazazi wamekubali, na mahari imeanza kulipwa. Lakini kila amwonapo kijana yule moyo humwenda mbio, na kwa kipimo cha daftari hiyo ni eros, basi si upendo. Barua ya kuuvunja uchumba alikuwa amekwisha kuiandika. Mimi si mshenga wala kasisi. Nilimpa habari za ngazi ya Diotima akasome kwanza. Aliyoyafanya kwa barua yake ni shauri lake.

Kuna njia nyingine iliyoyaleta mawazo ya Wayunani pwani yetu, nayo ni ya kale kuliko ya kanisa. Katika karne ya tisa, mjini Baghdad, wafasiri kama Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki mwaka 873, waliyatia maandiko ya Kiyunani katika Kiarabu. Kitabu cha Karamu hakikufika huko kizima, vipande vyake vilifika. Ibn Dawud wa Baghdad, mwanachuoni wa sheria aliyekusanya mashairi ya mapenzi, anataja kwamba baadhi ya wenye falsafa husema Mungu aliziumba roho mviringo kama mpira, kisha akazikata, na kila nusu humtamani mwenzake. Kichekesho cha Aristophanes kimekuwa mafundisho ya roho, na kwikwi zimesahaulika njiani. Ibn Sina naye, aliyefariki mwaka 1037, aliandika risala nzima juu ya ʿishq, akasema nguvu hiyo imo katika kila kitu, kisicho na uhai, mti, mnyama, mwanadamu, mpaka roho za juu kabisa, kila kimoja kikivutwa kuelekea ukamilifu wake. Mwenye kusoma husikia hatua za ngazi ile ile.

Kutoka neno hilo twapata ashiki. Wako waliolitilia shaka, kwa kuwa halimo katika Kurani, wakachagua mahaba, nalo pamoja na huba limekaa katika Kiswahili hata limekuwa mwenyeji. Na hapa pwani haya hayakutengwa katika masanduku mawili. Lamu, mwasisi wa Riyadha, Sayyid Saleh, aliyefariki mwaka 1935, ajulikana kwa jina la Habib, yaani mpendwa. Katika maulidi mtu husema ana mahaba na Mtume. Akirudi nyumbani, neno hilo hilo ataliimba kwa mkewe, na hakuna amwonaye kuwa amekosa adabu.

Wafasiri wa Biblia waliokuja baadaye, tangu Askofu Edward Steere aliyefika Unguja mwaka 1864, hata Dr. Karl Roehl aliyetoa Biblia yake mwaka 1937 akiyakwepa maneno ya Kiarabu, hata kamati iliyotoa Biblia ya Muungano mwaka 1952, walikuwa na maneno mengi ya kuchagua. Biblia ya Muungano ilishika mzizi mmoja wa Kibantu, penda, ikafanya upendo kuwa neno la agape. Mwishoni mwa Injili ya Yohana, Bwana anapomwuliza Petro mara tatu kama ampenda, Kiyunani hubadilisha vitenzi viwili. Kiswahili kina kimoja tu, mwanzo hata mwisho. Wako wasemao ni upungufu. Sioni hivyo, kwa kuwa Yohana mwenyewe huvibadilisha vitenzi hivyo mahali pengi bila kubadili maana.

Tena mzizi huo una jambo ambalo Kiyunani hakina. Katika Sala ya Bwana tunaomba mapenzi ya Mungu yatimizwe, na hapo Kiyunani hakisemi eros, wala philia, wala agape. Husema thelema, yaani atakalo mtu. Sisi tunalo neno moja kwa wimbo wa taarabu na kwa atakalo Mwenyezi Mungu, nalo ndilo lililotufungulia mazungumzo haya tulipoitana wapenzi wasikilizaji. Kupenda ni kutaka, na kutaka ni kupenda. Diotima alipomwuliza Socrates, yeye apendaye vitu vizuri apenda nini, wafasiri wa Kiingereza huhangaika, wengine wakiweka neno la kupenda na wengine la kutamani. Katika chumba chetu cha darasa kule Temeke swali hilo huandikwa ubaoni kwa Kiswahili mara moja, bila kufuta, na wanafunzi huanza kujibu kabla chaki haijawekwa chini.